Jani la Isale Katika Shada la Mgeni

Nimestaafu mapema kwa sababu ya mgongo. Wenzangu walipopata habari hiyo walicheka hadi wakafuta machozi, maana kwa mujibu wa barua ya ajira kazi yangu ilikuwa kujibu barua, kupokea wageni na kutunza mafaili. Hakuna faili la kumvunja mtu mgongo. Lakini ninyi mnaoanza kazi katika kituo cha watoto wadogo mtagundua kabla wiki haijaisha: barua ya ajira ina maneno yake, na mtoto anayelia mlangoni pa ofisi yako ana ya kwake.

Mmeniomba niwaambie mawili matatu kabla sijarudisha funguo. Ninayoyajua ni machache, na karibu yote niliyajua kwa kuyakosea. Kubwa kuliko yote nililikosea kwa siku moja, jua likiwaka, mbele ya wageni kutoka Ulaya. Nitafika huko. Kwanza nifunge mbeleko.

Nasema hivyo kwa sababu siku yangu ya kwanza kazini ilianza na mbeleko. Nilikuja kituoni miaka ile mashirika ya umma yalipokuwa yanauzwa. Nilikuwa ofisa mipango wa kiwanda kimoja hapa Moshi mjini. Kiwanda kikapata mwenyewe mpya, naye akaona anaweza kuishi bila mipango yangu. Nilikuwa na shahada ya elimu ya jamii na suti moja. Kwetu Old Moshi marehemu baba aliendelea kuwaambia majirani kwamba mwanawe ni mkubwa ofisini, na mimi kila asubuhi nilishuka mlima kwenda kukunja nepi.

Siku hiyo ya kwanza walezi wawili hawakufika, watoto walikuwa kumi na wanane, na Mama Felista akanitupia kanga. Mama Felista ndiye aliyekuwa mlezi mkuu, mwanamke wa Kibosho, darasa la saba, mwenye mikono mipana na sauti ndogo. Nilimweka mtoto mgongoni kama nilivyowaona dada zangu wakifanya, nikafunga fundo kifuani, nikatembea kwa fahari hadi jikoni. Nilipofika jikoni wapishi walikuwa wanatazama nyuma yangu kwa namna ambayo watu hutazama gari linalovuja mafuta. Mtoto alikuwa ameteleza polepole, akageuka, na sasa alikuwa ananing'inia kichwa chini, kimya, akiikagua sakafu.

"Msomi," Mama Felista akaniambia, na jina hilo halijanitoka hadi leo, "umebeba mtoto au mzigo wa majani ya ng'ombe?"

"Namrekebisha, mama."

"Mrekebishe upesi, kabla hajazoea kuwaona watu miguu juu akadhani ndivyo walivyo."

Basi lijueni hili: mbeleko hushika chini ya makalio ya mtoto, si kiunoni, na unainama kabisa kabla ya kumpandisha, mgongo ukiwa meza. Ukiona haya kuinama, usibebe. Siku hizi kuna vigari vya kusukumia watoto. Wafadhili walituletea kontena zima la vigari hivyo. Vilisukuma watoto kwa mwezi mmoja, kisha vikahamia jikoni kubebea ndizi na madumu ya maji, na kusema kweli huko vilifanya kazi nzuri sana.

Mama Felista alikuwa na uwezo ambao sijauona kwa mtu mwingine. Watoto wanane wanaweza kulia kwa pamoja chumba cha pili, yeye yuko jikoni anakoroga uji, anasema bila kuinua kichwa: "Huyo wa dirishani hana njaa, nepi imembana. Huyo mwenye sauti nene anaota jino. Wengine wanawasindikiza tu." Mwezi mzima nilitembea na daftari nikihakiki, nikiomba Mungu akosee hata mara moja ili elimu yangu ipate pa kukaa. Hakukosea. Daftari nililigeuza la kuandikia dawa.

Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza: mtoto asiyekujua usimwendee na uso. Uso wa mtu mzima ni mkubwa, una meno, na unataka jambo. Kaa chini, mgeuzie mgongo, shika kazi ya mikono, usubiri. Mgongo haumdai mtoto kitu. Atakuja mwenyewe. Ya pili: wageni waanze na ndoo. Familia ikitoka ng'ambo kuja kujitolea kwa siku moja, iende kwanza banda la kufulia, ifue nepi, ianike, ndipo ikae na watoto, na ikae na wote, si na mmoja.

"Mgeni akimkumbatia mtoto mmoja siku nzima," alisema, "jioni yeye anapanda gari na picha zake. Sisi tunabaki na kilio siku tatu."

Sheria ya kwanza nilidhani ni ya watu wasiosoma. Ya pili nilidhani ni ya watu wasio na adabu. Sasa tufike siku yenyewe.

Kituo chetu, kwa wale ambao hamjakitazama vizuri, kiko pale mji unapoishia na migomba inapoanzia. Watoto wengi tuliletewa wakiwa na siku chache, mama zao wakiwa wamefariki katika uzazi. Tuliwalea kwa maziwa ya kopo hadi waweze kula chakula cha nyumbani, kisha ndugu wakaja kuwachukua. Karibu kila mmoja alikuwa na watu wake mahali fulani mlimani, wakingoja akomae kidogo.

Manka alikuwa amekomaa na hakuna aliyekuja. Alikuwa na miaka miwili na nusu, kichwa kikubwa, macho ya hakimu. Alienda kwa Mama Felista peke yake. Sisi wengine alituvumilia. Kitanda chake kilikuwa kinangojwa na mapacha wachanga, na barua ya kumhamishia kituo kikubwa cha mkoa wa mbali ilikuwa mezani kwangu, imeshapigwa muhuri, asafiri Jumatatu. Watoto waliokwenda huko hatukumwona hata mmoja akirudi mlimani. Ndipo siku nne kabla ya safari zikaja salamu kutoka Mwika: mama wa baba yake anakuja Ijumaa kumchukua.

Ijumaa hiyohiyo nilikuwa nimeipanga kwa wageni. Ofisa mipango huyo.

Bibi alifika kabla ya saa mbili asubuhi. Alikuwa mwanamke mwembamba, amevaa gauni la Jumapili na viatu vya mitumba vilivyomzidi, kikapu kichwani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akichungulia nyuma yangu, akitafuta.

"Yuko wapi?"

"Anakula uji, bibi. Kaa hapa benchini kwanza, tuna wageni kidogo."

"Mimi si mgeni?"

Nikacheka, nikidhani ni utani. Nikampokea kikapu. Kilikuwa na ndizi mbichi za kupikia supu ya mtori, kibuyu cha maziwa, na juu yake kabisa, limefunikwa kwa kitambaa cheupe, tawi dogo la kijani lenye majani matatu marefu. Aliweka mkono juu ya kitambaa akasema, "Hili ni la mtoto." Nikasema ndiyo, ndiyo, nikakipeleka kikapu jikoni upesi, maana gari la wageni lilikuwa linapiga honi getini.

Walikuwa watatu: baba, mhandisi mrefu aliyetujengea tangi la maji kwa mikono yake mwaka uliotangulia na sasa amekuja na familia yake walione, mkewe, na binti yao wa miaka kumi na saba, Marit, ambaye walezi walimwita Marita kabla hajashuka garini. Niliandaa mashada ya maua wapewe na watoto. Nikahesabu mashada: mawili. Nikahesabu wageni tena, kama vile hesabu ingebadilika. Nikakimbia jikoni, nikatazama huku na huku, nikachomoa lile tawi kikapuni, nikalichanganya na maua mawili ya njano, nikalifunga uzi. Shada la tatu likawa zuri kuliko mengine. Nikajipongeza.

Nilizaliwa Old Moshi, mjue. Kihamba cha baba yangu, shamba la migomba la ukoo, kimezungukwa na isale pande zote nne. Chuo kikuu niliandika insha ya kurasa ishirini kuhusu mti huo: unavyoonyesha mpaka, unavyopandwa makaburini, na jinsi Mchagga aliyemkosea mwenzake anavyompelekea jani lake kuomba radhi, na aliyeletewa hana ruhusa ya kukataa. Mwalimu alinipa alama ya juu. Na siku nilipowekewa isale mkononi na mtu aliyemaanisha, niliiona ni jani la kujazia shada.

Marit alipokea shada lake, akachuchumaa. Manka, ambaye hakuwahi kumwendea mgeni, akajitoa kwenye sketi ya Mama Felista, akapiga hatua kama kumi, akachomoa lile tawi katikati ya maua. Marit akacheka, akamwachia. Manka akamtazama muda mrefu, kisha akapanda mapajani pake na kulaza kichwa.

Ua wote ulishangilia. Mama Felista hakushangilia. "Wageni waanze na ndoo," aliniambia pembeni.

"Mama, watu waliojenga tangi! Nitawapa vipi nepi za mavi?"

"Maji ya tangi hilo ndiyo yanafulia mavi hayo. Wao wanajua, wewe ndiye hujui."

Sikumsikiliza. Saa nne, Manka akiwa bado kifuani kwa yule binti, niliona ni wakati wa makabidhiano. Niliwapanga walezi mstari, wageni mbele, kamera tayari, fomu niliyoichapa mwenyewe juu ya meza, nikamwita bibi kutoka benchini. Nikamwelekeza asimame hapa, anyooshe mikono hivi, atabasamu.

Bibi akanyoosha mikono. Akasogeza uso wake karibu, uso wenye machozi tayari, akasema, "Manka, njoo kwa bibi."

Manka alipiga kelele ambayo bado naisikia. Alijipinda, akamkaba Marit shingoni, akatapika uji. Bibi akajaribu tena. Kelele zikazidi. Bibi akarudisha mikono, mmoja mmoja, akaifuta kwenye gauni kama vile imeshika moto.

"Amenikataa," akasema. "Ana haki."

Akageuka kwenda jikoni kuchukua kikapu chake. Nilimfuata nikimweleza kwamba watoto huwa hivyo, kwamba fomu inaweza kungoja. Akapekua kikapu. Akapekua tena.

"Isale yangu iko wapi?"

"Isale gani, bibi?"

Hapo ndipo aliponieleza, akiwa ameshika kikapu, bila kupandisha sauti. Mkwewe alipofariki, na kichanga kinalia ndani, yeye mbele ya watu wote alisema kitoeni hicho, ndicho kilichommaliza mama yake. Majirani wakakitoa, wakakileta kwetu. Mwanawe akaenda Holili kupakia malori, hajaoa tena. Kahawa wameing'oa, nyumba imebaki na yeye na ng'ombe mmoja. Miaka miwili na nusu hakuja, si kwa kukosa nauli bali kwa kukosa uso. Mwezi huu ng'ombe alizaa, maziwa yakapatikana, naye akajiambia ataenda, lakini hatakwenda mikono mitupu.

"Mtoto mdogo hajui isale," nilisema. Ndiyo, nilisema hivyo. Insha ya kurasa ishirini.

"Yeye hajui. Mimi ninajua," bibi akajibu. "Iko wapi?"

Vijana, kuna namna ya aibu ambayo huanzia miguuni. Nilimwambia. Nilimwambia kwamba nimeifunga na maua nikampa mgeni. Bibi alinitazama, na nadhani angenipiga ingekuwa nafuu kwetu sote. Akajitwisha kikapu.

Mama Felista alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Nilingoja matusi. Akasema, "Msomi, kawatafsirie wageni. Wanakwenda kufua." Kisha akamtua bibi kikapu kichwani, kwa upole, kama mtu anavyomtua mwenzake aliyetoka shamba. "Na wewe mama, watoto hawa wanakula mtori mchana na ndizi umeleta. Utaziacha bila kuzimenya?"

Akamkalisha kwenye kigoda katikati ya ua, mgongo ukielekea watoto, beseni mbele yake, kisu mkononi. "Usigeuke," akamwambia. "Hata akilia. Menya."

Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi, na kilimwangukia binti wa miaka kumi na saba. Mama Felista akaniamuru: "Mwambie amweke chini, pale, nyuma ya bibi yake. Kisha aende kwenye ndoo asitazame nyuma."

Nikatafsiri. Marit akambana mtoto. "Atalia," akasema.

"Anasema atalia, mama."

"Mwambie atalia. Sikumwambia kwamba hatalia. Mwambie leo jioni yeye ataondoka, na huyu bibi hataondoka tena."

Nilitafsiri kwa Kiingereza changu cha chuo, ambacho siku hiyo kilipungua maneno. Marit alimtazama yule mwanamke aliyeinamia beseni, viatu vikubwa, mabega makavu. Sijui alielewa kiasi gani. Akachuchumaa, akamfungua Manka vidole kimoja kimoja, akamkalisha chini, akatembea hadi kwenye banda la kufulia akilia waziwazi, akatumbukiza mikono kwenye nepi. Baba yake na mama yake wakamfuata. Nilimwona yule mhandisi akisugua nepi kwa bidii ya mtu anayejua hasa maji yametoka wapi.

Manka alilia. Alilia ameketi, miguu imenyooka, isale ameishika ngumini kama fimbo. Hakuna aliyesogea. Mama Felista alinishika mkono wa shati, maana nilikuwa nimeshaanza kwenda.

Bibi alimenya. Kisu kilikwama mara moja, kikaendelea. Baada ya muda akaanza kuzungumza na ndizi, kwa Kichagga, sauti ya chini kama ya mtu aliye peke yake jikoni kwake: hii imeiva kidogo, hii ni ngumu, hii nani aliyeigusa. Ndivyo nilivyosikia mimi. Kilio kikapungua ili kupisha masikio. Kikakoma. Manka akainuka.

Ninyi mmesomea maendeleo ya mtoto na mtaniambia kwamba mtoto wa umri huo hufuata sauti, hufuata harufu ya maziwa, hupenda kugusa vitu kwa kijiti. Nakubali yote. Mimi nawaambia nilichokiona. Alitembea hatua moja moja hadi nyuma ya bibi yake. Akasimama. Akainua ile isale na kuilaza juu ya bega la yule mwanamke, majani yakaning'inia mbele, kifuani, mbele ya macho yake.

Kisu kikaanguka kwenye beseni.

Bibi hakugeuka. Alikuwa ameambiwa asigeuke. Aliliangalia lile jani alilolikata mwenyewe alfajiri ile Mwika, ili amwombe radhi mtoto, na sasa mtoto ndiye amelileta. "Mama Felista," akasema, "nani anamwomba nani?"

"Umeletewa," Mama Felista akajibu. "Unakataa?"

"Naanzaje kukataa?"

Wapishi walitoka jikoni wakasimama na miiko mikononi. Nimeingia makanisa makubwa, nimesikiliza watu wenye majoho wakisema mambo mazito, lakini sijawahi kusimama mahali palipotulia kama ua ule. Bibi alilishika jani kwa mikono miwili. Kisha, polepole, akainama mbele mpaka mgongo wake ukawa meza. Manka alilaza tumbo juu yake, halafu shavu, halafu uzito wote. Mama Felista alirusha mbeleko mara moja tu, ikashika chini ya makalio, mahali pake.

Kabla mtori haujaiva alikuwa amelala. Wageni walikula na watoto wote, mmoja huku mmoja kule, mikono yao imekunjamana kwa sabuni. Walipoondoka yule mhandisi aliniuliza kwa masikitiko kama mlima huwa unatokea, maana siku nzima Kibo ilikuwa imejifunika mawingu na hawakuona hata ukingo wake. Marit akamwambia, "Baba, tumeona."

Fomu yangu ya makabidhiano haikusainiwa na mtu. Iko kwenye faili, mtaikuta, ina doa la uji. Ile barua ya Jumatatu niliichana mwenyewe.

Baada ya miezi mitatu nilipanda Mwika kumtembelea mtoto, kama taratibu zinavyotaka. Bibi alinipokea kwa kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, na kunicheka kidogo. Penye njia ya kuingilia kihamba, kile kijiti cha isale kilikuwa kimechomekwa ardhini, kimetoa jani la nne. "Hiyo ni ya Manka," alisema. "Siku moja ataniuliza, nitamweleza yote, na lile neno baya pia."

Manka alichungulia mlangoni. Amenenepa, macho yaleyale ya hakimu. Nilifungua mikono, nikaanza kutabasamu, nikakumbuka. Nikaketi chini kwenye majani makavu ya migomba, na suti yangu, nikamgeuzia mgongo, nikachukua maharage ya bibi nikaanza kupukuchua.

Nilipukuchua muda mrefu. Mwishowe nilisikia majani yakilia nyuma yangu, yakatulia, kisha yakalia tena karibu zaidi, na kiganja kidogo chenye joto kikatua katikati ya mabega yangu, kikakaa.

Juzi daktari aliniinulia picha ya mgongo huu kwenye mwanga, pingili baada ya pingili, akaniuliza panauma wapi. Nikamwonyesha pote. Pale tu, katikati ya mabega, sikumwonyesha, maana hapaumi.